MAISHA YA BENJAMIN FRANKLIN NA JIWE LAKE LA KIBOFU



Katika somo la fizika kila mumoja wetu alikwisha kusikia jina la Benjamin Franklin. Ndiye ule mutu aliyeonyesha kama radi ni umeme, na aliyetutolea ile fimbo ya chuma inayosimikwa juu ya nyumba ili radi isiichome. Lakini vitabu vya masomo havisemi sana kama mutu huyo mwenye akili aliishi karibu miaka 8 ya mwisho na jiwe ndani ya kibofu cha mukojo. Leo tunapenda kuwaeleza maisha yake kwa upande huo. Sababu ni hii: mutu mwenye maumivu anaitika upesi dawa yoyote anayoambiwa. Franklin alikuwa na maumivu makali, na hata hivyo hakuacha kutafuta ushahidi kwanza.

1. MUTOTO WA MUTENGENEZA SABUNI

Franklin alizaliwa tarehe 17 Januari 1706 mu muji wa Boston. Wakati ule Marekani ilikuwa bado haijakuwa inchi. Boston ilikuwa katika koloni la Waingereza. Baba yake, Josiah, alifanya kazi ya kutengeneza sabuni na mishumaa. Watoto wa muzee huyo walikuwa 17, na Benjamin alikuwa wa 15. Ku masomo alikaa karibu miaka 2 tu. Alipokuwa na miaka 10 baba akamutosha, akamuweka ku kazi ya mishumaa. Kisha, akiwa na miaka 12, akatolewa kwa kaka yake James ili ajifunze kazi ya kuchapa vitabu na magazeti. Muchana alipanga herufi, usiku alisoma vitabu vya kuazima. Mwaka 1723, alipokuwa na miaka 17, akatoroka, akafika Philadelphia na pesa kidogo sana mufukoni.

Toka 1724 mpaka 1726 alikuwa London, Uingereza, anafanya kazi ile ile ya kuchapa. Wenzake wa kazi walikunywa bia tangu asubuhi mpaka jioni, wakisema bia ndiyo inatia nguvu. Yeye alikunywa maji. Wakamucheka sana. Lakini wakati wa kupanda ngazi na mizigo mizito ya herufi, yeye alibeba miwili, mumoja kila mukono, na wao walibeba mumoja kwa mikono yote miwili. Franklin akawafanyia hesabu: unga ulio ndani ya bia ni kidogo kushinda unga ulio ndani ya mukate wa bei ndogo. Basi nguvu ya bia inatoka wapi? Muone tabia yake tangu ujana: kitu kinachosemwa na watu wote, yeye anakipima kwanza.

Aliporudi Philadelphia akafungua kazi yake mwenyewe. Mwaka 1729 alinunua gazeti, na toka 1732 alianza kutoa kalenda yake ya kila mwaka iliyojulikana sana. Mwaka 1731 yeye na rafiki zake walianzisha maktaba ya kuazimisha vitabu. Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, alikuwa tajiri wa kutosha kuacha kuchapa na kujitolea kwa sayansi.

2. JIWE LA KAKA JOHN

Kabla ya jiwe kumupata yeye mwenyewe, lilimupata kaka yake John, ambaye alifuata kazi ya baba yao ya sabuni.

Jiwe la kibofu ni nini? Mukojo wetu unabeba chumvi za namna nyingi ambazo mwili unazitupa. Kama maji ni kidogo, ao kama mukojo unabaki ndani bila kutoka wote, chumvi hizo zinaanza kushikamana, sawa vile chumvi inashikamana chini ya sufuria maji yanapokauka. Kwanza inakuwa punje ndogo kama muchanga, kisha inakuwa kama harage, pengine inafika ukubwa wa yai. Mutu anasikia maumivu chini ya tumbo. Anakwenda kukojoa mara kwa mara. Pengine mukojo unakatika gafula katikati, sababu jiwe limeziba mulango wa kibofu. Akibadili namna ya kusimama ao ya kulala, unatoka tena. Pengine damu inaonekana.

Wakati ule njia za matunzo zilikuwa mbili, na zote mbili zilitisha. Ya kwanza ni kisu. Munganga alimulaza mugonjwa chali, miguu ikafungwa juu, wanaume wenye nguvu wakamushika, naye akapasua chini, karibu na njia ya haja, akatosha jiwe kwa koleo. Dawa ya kulalisha mugonjwa haikuwa bado. Kwa hiyo munganga mwema alikuwa ule mwenye mukono wa mbio. Wengi walipona, lakini wengi vilevile walikufa kwa damu ao kwa kidonda kuoza.

Njia ya pili ilikuwa dawa za kuyeyusha. Ku Uingereza mwanamuke mumoja, Joanna Stephens, alisema anajua siri ya kuyeyusha mawe. Watu wakubwa wakaamini, na Bunge la Waingereza likakubali kumulipa paundi 5,000 ili aitoe siri hiyo. Mwaka 1739 siri ikachapishwa: maganda ya mayai yaliyochomwa, konokono, majani, na sabuni. Kumbe! Utajiri wote huo kwa vitu vya jikoni. Maumivu yanalipa bei yoyote.

Franklin hakumutumia John maneno ya faraja peke yake. Mwaka 1752, mwaka ule ule wa majaribio yake ya radi, aliwaza juu ya muferiji mwembamba wa kupitisha katika njia ya mukojo ili mukojo utoke. Miferiji iliyotumiwa zaidi ilikuwa migumu, na iliumiza vibaya. Yeye akaenda kwa fundi wa feza, akakaa karibu naye mpaka kazi ikaisha. Wakapinda uzi mwembamba wa feza duara kwa duara, ukawa kama bomba linaloweza kujikunja na kufuata njia ya mwili. Mu Desemba 1752 akautuma kwa John pamoja na maelezo ya kuutumia. Ni mumoja wa miferiji ya kwanza ya namna hiyo katika Marekani. Haikuvunja jiwe, lakini ilikuwa ya kupunguza mateso. John alikufa mwaka 1756.

Wakati huo huo Franklin alimusaidia munganga Thomas Bond kuanzisha hospitali ya Philadelphia. Bond alikuwa na mupango muzuri, lakini watu hawakutoa pesa. Franklin akatafuta ujanja: akaomba baraza la koloni liahidi paundi 2,000, kama raia wao wenyewe watakusanya kwanza paundi 2,000 zingine. Wajumbe waliitika upesi, wakizani pesa haitapatikana. Raia nao wakatoa kwa bidii, sababu kila paundi moja ilizaa ya pili. Hospitali ikapata kibali mwaka 1751, kwa ajili ya maskini wagonjwa. Bond mwenyewe alijulikana sana kwa kupasua wenye mawe.

3. JIWE LAKE MWENYEWE

Mwaka 1776 Franklin alitia mukono wake ku tangazo la uhuru wa Marekani, na mwisho wa mwaka huo akatumwa Ufaransa kuomba musaada. Alikuwa na miaka 70. Akakaa Passy, karibu na Paris. Mwaka 1778 Ufaransa ikafanya agano na Marekani, na bila agano hilo vita ya uhuru ingekuwa ngumu sana.

Mu 1782, katikati ya mazungumzo ya amani na Waingereza, jiwe likamuangusha. Pamoja nalo alikuwa na ugonjwa wa jongo, ule unaovimbisha viungo vya miguu. Mwenzake John Jay akasimamia mazungumzo wakati muzee alikuwa kitandani. Tarehe 3 Septemba 1783 amani ikaandikwa, na jina la Franklin liko ndani. Lakini toka hapo gari la farasi likawa adui yake. Kila wakati gurudumu lilipopiga jiwe la barabara, jiwe la ndani nalo lilipiga ukuta wa kibofu. Akaacha kutembea mbali.

Hapa tunafika ku jambo kubwa la maisha yake ya ugonjwa. Wakati ule Paris yote ilikuwa inasema habari ya Mesmer, munganga aliyetoka Vienna. Huyo alifundisha kama kuna nguvu moja isiyoonekana inayopita katika miili yote, na kama yeye na wanafunzi wake wanaweza kuiongoza kwa mikono na kuponya kila ugonjwa. Wagonjwa walilia, walitetemeka, walianguka, kisha walisema wamepona. Mwaka 1784 mufalme wa Ufaransa akachagua kamati ya wenye elimu ili wachunguze. Franklin alikuwa mukubwa wao, na ndani yake alikuwa Lavoisier, yule tunayemusoma katika kemia. Kwa sababu Franklin hakuweza kusafiri, majaribio mengine yalifanyika nyumbani kwake Passy.

Fikirini kidogo. Huyu ni muzee wa miaka 78, jiwe linamuchoma usiku na muchana. Kama kuna mutu aliyehitaji Mesmer awe wa kweli, ni yeye. Angeweza kuitika tu na kulomba aponyeshwe. Hakufanya vile. Katika bustani yake, Deslon, mwanafunzi wa Mesmer, alitia hiyo nguvu katika muti mumoja wa matunda. Kisha kijana wa miaka karibu 12 akaletwa, macho yamefungwa, akaongozwa kwa miti mingine. Ku muti wa 4 akaanguka na kuzimia. Lakini muti ule haukuwa wenye kutiwa nguvu! Kamati ikafanya majaribio mengine mengi ya namna hiyo, na kila mara matokeo yalifuata mawazo ya mugonjwa. Ikasema wazi kama nguvu hiyo haikuonekana popote. Leo waganga wa ulimwengu wote wanapima dawa kwa njia ya jamii moja na hiyo: mugonjwa asijue kama anapewa dawa ya kweli ao kitu cha bure, ili mawazo yake yasidanganye.

4. SAFARI YA KURUDI

Mu Julai 1785 Franklin aliaga Ufaransa. Namna gani atafika baharini bila gari? Malkia akamupa machela yake, yenye kubebwa na nyumbu wawili, mumoja mbele na mumoja nyuma. Kwa mwendo wa polepole akafika ku bandari ya Le Havre. Ndani ya meli alitosha kipimajoto kila siku akapima joto la maji ya bahari, na akaandika juu ya mukondo wa maji ya moto wa Atlantiki na juu ya mashua. Tarehe 14 Septemba 1785 akafika Philadelphia, na watu wakamupokea kwa kengele na mizinga.

Walizani amekuja kupumuzika. Kumbe wakamuchagua kuwa mukubwa wa jimbo la Pennsylvania, akafanya miaka 3. Mwaka 1787, akiwa na miaka 81, alikuwa muzee kupita wote katika mukutano ulioandika katiba ya Marekani. Wakati maumivu yalizidi, alibebwa katika kiti.

Juu ya jiwe lake, alikaa kwa kiasi: aliacha divai, akafanya mazoezi mepesi ya mikono kila siku, na alijaribu konfitiri ya matunda ya mwituni. Hakupasuliwa. Hata munganga aliyemutunza mwishoni, John Jones, alikuwa na jina kubwa kwa kupasua wenye mawe. Lakini kisu kwa mutu wa miaka zaidi ya 80, bila dawa ya kulalisha, kilikuwa hatari kubwa kushinda jiwe lenyewe. Mwishowe alikunywa afyuni ili maumivu yapungue. Afyuni ikamutosha hamu ya chakula, akakonda sana. Kitabu cha maisha yake, alichokianza mwaka 1771, hakikumalizika.

Kuko jambo moja alilolimaliza, nalo hatupaswi kulificha wala kulipamba. Katika miaka yake ya kazi Franklin alikuwa na watumwa, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu. Katika uzee alibadilika. Mwaka 1787 akawa mukubwa wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa, na tarehe 3 Februari 1790, kutoka kitanda cha ugonjwa, akatia mukono ku barua ya kuomba Bunge la Marekani limalize biashara hiyo. Bunge halikuitika, na utumwa ulidumu mpaka 1865. Lakini alisema kweli wakati alikuwa bado na pumzi. Tarehe 17 Aprili 1790 akafa kwa ugonjwa wa mapafu, na miaka 84. Watu karibu 20,000 walimusindikiza.

5. KILICHOKUJA NYUMA YAKE

Miaka 34 kisha kufa kwake, mu Paris ile ile alimoteseka, munganga Jean Civiale alipitisha chombo chembamba katika njia ya mukojo ya mugonjwa, akashika jiwe ndani ya kibofu, akalivunja bila kupasua tumbo. Ilikuwa tarehe 13 Januari 1824, mbele ya wajumbe wa Akademia ya sayansi. Waganga wengi walibisha. Civiale akajibu kwa hesabu: mu 1835 alionyesha kama katika watu 100 waliopasuliwa, karibu 19 walikufa; katika 100 wenye kuvunjiwa jiwe, karibu 2. Wengine wakauliza kama wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa sawa. Ulizo hilo lilikuwa la haki, na ni ulizo ambalo Franklin mwenyewe angelipenda.

Mwaka 1846, mu Boston, muji aliozaliwa Franklin, etheri ilionyeshwa mbele ya watu kuwa inaweza kulalisha mugonjwa wakati wa kupasuliwa. Na mwaka 1878, mu Boston vilevile, Henry Bigelow alieleza namna ya kuvunja jiwe na kuosha vipande vyote kwa mara moja. Leo munganga anaingiza chombo chenye taa katika njia ya mukojo, analiona jiwe, analivunja kwa mashini ao kwa mwangaza wa leza. Jiwe kubwa sana bado linapasuliwa, lakini mugonjwa analala. Mawe ya aina moja, yale ya asidi ya uriki, yanaweza kuyeyuka kwa dawa ya kupunguza asidi ya mukojo. Mawe ya aina zingine hayayeyuki vile. Mutu wa soko mwenye chupa hawezi kujua ni aina gani. Ni munganga na laboratwari wanaojua.

6. NA SISI?

Ndugu wanafunzi, turudi ku maji ya Franklin. Kunywa maji safi, tena ya kutosha, ndiyo kinga ya kwanza, zaidi wakati wa jua na wa michezo. Mukojo wenye rangi ya manjano hafifu unaonyesha kama maji yanatosha. Ukiwa mweusi kama chai, kunywa zaidi. Lakini tuseme kweli: maji yanapunguza hatari, hayaiondoi yote. Franklin alikunywa maji katika ujana, na jiwe likamufikia katika uzee. Leo tunajua kama kwa wazee wanaume, mara nyingi tezi iliyo chini ya kibofu inavimba na kuzuia mukojo kutoka wote, na wenye jongo nao wanapata zaidi mawe ya asidi ya uriki. Kwa hiyo kama babu nyumbani anakojoa kwa shida, tusimucheke. Tumupeleke hospitali, sababu kuponya kile kinachoziba ni kuzuia jiwe lingine.

Kwa watoto jambo ni lingine. Mahali ambapo mutoto anakula nafaka tupu, bila maziwa, samaki ao nyama, jiwe la kibofu linamupata hata akiwa mudogo. Ku Ulaya ugonjwa huo wa watoto ulikwisha karibu wote wakati chakula kilipokuwa bora. Na bilharzia ya mukojo, inayoingia kwa ngozi tukioga katika maji yenye konokono wake, inaharibu kibofu na kuleta damu. Iko na dawa yake. Inafaa kupimwa mapema.

Damu katika mukojo, maumivu chini ya tumbo yasiyoisha, ao mukojo unaokatika gafula: hizo ni alama za kwenda kwa munganga. Mukojo ukikataa kabisa kutoka, ao maumivu yakija pamoja na homa, ni siku ile ile, si kesho. Wengi wananyamaza kwa haya. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Na mutu akikuletea dawa ya siri inayoponya mawe yote, muulize kama Franklin: ilipimwa wapi, kwa wagonjwa wangapi, na ni nani aliyehesabu waliopona na wasiopona? Akikasirika, umekwisha kupata jibu.